Salamu ya Mama

Bonareri alikuwa sebuleni kwao Ogembo, akitengeneza tovuti ya hadithi za marehemu mama yake. Alikuwa ameunda kiolezo kimoja cha kutumika kwa hadithi zote: kichwa juu, picha katikati, maneno chini.

Baba yake aliingia kutoka kuchuma chai, akainama kutazama kompyuta. Tangu mazishi hakutaka hadithi hizo zitajwe.

"Huyu si yeye," alisema.

"Kwa nini, Tata? Maneno yote ni yake."

Mzee alinyoosha kidole kilichotiwa weusi na utomvu wa chai, akagusa nafasi tupu juu ya kichwa. "Mamako hakuanza hadithi kabla ya kutusalimu. Hata kama tumeshinda naye shambani kutwa, lazima aseme *Bwairire*, nasi tuitikie, ndipo aendelee."

Bonareri alikuwa ameisahau salamu hiyo ya jioni. Aliiandika mara moja tu, ndani ya kiolezo, kisha akafungua hadithi ya sungura. *Bwairire.* Akafungua ya mto uliokauka. *Bwairire.*

Baba yake akaitikia kwa sauti ya chini.

Kisha akavuta kiti. "Fungua nyingine."