Miti Yenye Pete Nyeupe

Mjane alifika mti wa tatu ukiwa umeshalala chini.

"Shikamoo, mama," akasema msimamizi wa wakataji, akizima msumeno.

Mjane akampita, akaliendea shina.

"Ofisi ya hifadhi ilisema tukate miti mitano mibovu. Bahati nzuri marehemu mzee alishaichagua, akaipaka pete nyeupe."

Miaka kumi na minane mumewe aliulinda msitu huu bila mshahara, tangu haujaitwa hifadhi. Kila mti wenye kiota aliupaka pete ya chokaa, ili usiguswe.

Mjane akainama. Kwenye shina lililoanguka palikuwa na tundu lililozibwa kwa udongo. Katika ufa wake mwembamba, mdomo wa hondohondo jike, ndege anayejiziba tunduni akiatamia, ulikuwa ukifunguka na kujifunga, bado ukingoja kulishwa na dume lake.

"Nyumba yangu ile pale," akasema. "Hata hodi iliwashinda?"

"Hatukujua, mama. Kwetu sisi mti wenye alama ni wa kukatwa." Msimamizi akaitazama miwili iliyobaki. "Lakini nikirudi na mitatu, ofisini nitasema nini?"

Mjane akauendea mti wa nne, akaubandika mgongo wake juu ya pete.

"Washa," akasema.