Kiu ya Msalabani

Zosima alikuwa mwalimu wa waumini waliosema kwamba Yesu alikuwa Mungu tu, na mwili wake ulikuwa kama kivuli, hauumii wala hausikii kiu. Dada yake, Apia, alisali na wale waliosema alikuwa mtu kama sisi. Tangu waumini wa mji ule wagawanyike, ndugu hao walikuwa hawali tena pamoja.

Siku mama yao alipozidiwa, Zosima alimkuta Apia akimlowesha midomo kwa kitambaa.

"Mwanangu," mama alisema kwa taabu, "pale msalabani alisema ana kiu. Alikuwa nayo kweli?"

Jibu Zosima alikuwa nalo, na wengi walikuwa wamelisikia kwake. Akaitazama midomo ya mama iliyopasuka.

"Mjibu unavyoamini, kaka," Apia alisema taratibu. "Leo sitabishana nawe."

"Sijui, mama," akasema Zosima. "Ila wewe unayo."

Akapiga magoti, akampokea dada yake kitambaa, akakichovya bakulini. Maji yalimtiririka mkononi hadi kwenye kiwiko. Mama akafumbua kinywa, akangoja.