Mlango wa Nyuma

Kwa mara ya tatu mwezi ule, mkaguzi wa zimamoto alisimama katikati ya karakana ya ushonaji, na mjomba wake, mwenye karakana, akahisi damu ikimchemka.

"Mlango wa nyuma bado una kufuli," mkaguzi alisema. "Leo naifunga karakana, Mjomba."

"Unamfungia nani? Mimi niliyekufundisha kuendesha baiskeli?"

"Nakuheshimu, Mjomba. Lakini hii ni sheria. Hata ingekuwa karakana yangu, ingefungwa vilevile."

Mashine arobaini zilinyamaza. Washonaji wakajifanya wanatafuta sindano.

"Sheria, sheria! Umenichosha, binti. Kufuli ni la kuzuia wezi wa vitambaa. Moto ukitokea nafungua, yamekwisha. Ufunguo huu hapa shingoni mwangu. Tazama!"

Aliruka marobota ya vitambaa, akauchomeka ufunguo kwenye kufuli la mlango wa nyuma. Haukuzunguka. Akautikisa, akaukaza kwa mikono miwili. Unga wa kutu ukammwagikia vidoleni. Akajaribu tena huku jasho likimtiririka, mpaka ufunguo ukapinda.

Hakuna aliyecheka. Mpwa wake alishika kalamu yake tu, akingoja.

"Zimeni umeme wa mashine," mjomba alisema bila kugeuka. "Mkaguzi amesema tutoke. Tokeni wote."

Washonaji wakaanza kuelekea mlango wa mbele, mmoja mmoja, wakijipenyeza kati ya marobota. Mjomba akageuka, akasimama akitazama jinsi walivyochukua muda mrefu kutoka.