Kibuyu Kilichosuguliwa kwa Mkaa

Siku hizo kila nyumba ilikunywa maziwa ya mgando yenye chachu ya serikali, hivyo wasiwasi ulikuwa umebaki kwenye masimulizi ya wazee tu. Chachu ililetwa mlangoni. Kazi ya Tapkigen ilikuwa kuitia kibuyuni. Safari hii alijisahau, akakisugua kibuyu kwa mkaa wa mti kama alivyofanya marehemu mama yake, na mkaa ukaiua chachu. Yeye mwenyewe alikuwa amekunywa maziwa kwa jirani. Mumewe, Kiptanui, alikunywa ya kibuyuni, kisha akaangaza macho nyumba nzima.

“Mama Jerotich, mtoto yuko wapi?”

“Alikwenda mtoni.”

“Lini?”

Tapkigen akafikiri kidogo. “Juzi.”

Kikombe kikamponyoka Kiptanui. Akatoka mbio bila viatu, akimwita binti yao, mpaka sauti yake ikapotelea bondeni.

Tapkigen alimhurumia. Mtu mzima kuhangaika namna ile! Akayamwaga maziwa, akakisuuza kibuyu kwa maji ya moto, akatia chachu mpya. Kisha akamwandalia mumewe kikombe kingine mezani. Cha Jerotich alikirudisha kabatini, kisije kikashika vumbi.