Wa Kwanza Kwenye Mashine Mpya

Alitapika tena, safari hii kwenye sinki la choo cha wafanyakazi, huku mumewe akimpapasa mgongo.

"Hata chai hujanywa. Sasa unatapika nini?"

"Woga," alisema.

Wala hakuwa akitania. Kijasho chembamba kilimtiririka na vidole vilikuwa vya baridi. Tangu uvimbe ulipoonekana kwenye picha, umejibanza nyuma ya jicho la kushoto, usingizi ulikuwa umeihama nyumba yao. Mashine ya zamani ya mionzi ingeuchoma, sawa, lakini ingeondoka na jicho, na pengine na kumbukumbu pia. Mashine mpya ililenga mahali padogo kama punje ya mtama na kuacha mengine yote salama. Ila ikikosea upana wa uzi tu, ni kiza maisha yote, na hakuna mtu aliyekuwa amelala juu yake bado.

Aliiona ikishushwa kutoka kwenye lori, vipande vipande, na tangu siku hiyo ilikuwa ikimjia ndotoni. Majaribio yote yalifanywa kwa kichwa cha plastiki, na kila mara kichwa kilitoka salama salimini. Jana usiku mumewe alimkumbusha hilo ili kumtuliza.

"Plastiki haipofuki," alimjibu, akageukia ukutani.

Simu ililia juu ya ukingo wa sinki. Alikuwa mama mkwe.

"Mwanangu, mimi sijalala. Nimemwomba Mungu akushike mkono leo."

"Asante, mama," alisema. Mumewe akanyoosha mkono kuichukua simu, akaikosa, akaipata mara ya pili. Akambembeleza mamake asilie. Wakimaliza tu watampigia.

Daktari alikuwa akiwasubiri kwenye korido, mikono mfukoni.

"Bado hamjachelewa kubadili mawazo," alisema. "Tunaweza kungoja wataalamu wa nje waje."

"Waje lini?" mumewe aliuliza.

"Mwezi ujao. Labda."

"Na uvimbe nao utangoja?"

Daktari alimgeukia mke. "Wewe unasemaje?"

Alitaka kusema hapana. Alitaka kutimua mbio peku peku mpaka nyumbani, ajifungie chumbani, ajifunike shuka gubigubi.

"Twende," alisema.

Mlango wa chumba kile ulikuwa mnene kuliko ukuta wa nyumba yao. Ndani kulikuwa na baridi, na kitanda chembamba, na mkono mkubwa wa mashine ukining'inia juu yake. Kichwani mwa kitanda ilikaa barakoa ya wavu iliyofinyangwa kwa sura ya mtu, yenye vifungo vya kuibana kitandani ili kichwa kisisogee hata kidogo. Alipoiona, akarudi nyuma hatua moja.

"Siwezi," alinong'ona. "Haki ya Mungu, siwezi. Turudi nyumbani."

Mumewe akamshika mabega.

"Hebu nitazame. Ni muda mfupi tu, tumemaliza. Jioni napika mimi, na wali ukiungua utaula hivyo hivyo. Wewe kazi yako leo ni moja tu: usitetemeke."

Akacheka bila kutaka, akajifuta macho kwa kiganja. Hofu haikuondoka, lakini miguu angalau ilikubali kumbeba mpaka kitandani.

Hapo mumewe akainama, akavua viatu, akavisukuma chini ya kiti. Akavua miwani, akamwekea mkewe mkononi, kisha akapanda kitandani, akalala chali.

Mke akaishusha barakoa juu ya uso wa mumewe, akakaza vifungo kimoja kimoja, akatoka, akaufunga ule mlango mnene, akaketi kwenye meza ya kuiendeshea mashine aliyoijaribu yeye mwenyewe tangu siku ilipofika, na kidole chake kikaanza kutafuta kitufe.