Ukibomoa, Jenga

"Takataka!" Pilipili alipiga meza kwa kiganja hadi vikombe vya chai vikaruka. "Hii si hadithi. Ni takataka iliyopigwa chapa!"

Mshonaji, mwenye hadithi, alivuta daftari lake. Sheria ya kundi lao ilikuwa wazi: ukishasoma kazi yako, unafunga mdomo, unashika kalamu, unaandika unayoambiwa. Aliinama, akaandika.

Jumamosi hiyo walikuwa wanne tu, katika chumba cha nyuma ya duka la fotokopi, joto la mashine likipenya ukutani. Kitabu cha kundi kilikuwa kimebakiza nafasi ya kazi moja. Ama liingie shairi la Pilipili, ama iingie hadithi ya huyu dada aliyejiunga juzijuzi, ambaye kabla ya hapo hakuwahi kuandika lolote zaidi ya vipimo vya viuno vya watu. Na Pilipili alikuwa ameililia nafasi hiyo tangu alipoanza kujifundisha mizani na vina peke yake, kwenye usukani wa gari la mikate, akighani kati ya duka na duka. Cheti hakuwa nacho. Sauti alikuwa nayo, na hasira ya kuwatosha wenye vyeti wote.

"Taratibu, mwanangu," alisema Mwenyekiti, mwalimu mstaafu aliyezoea kunyamazisha darasa kwa jicho moja. "Sema kilichokukera."

"Kila kitu, Mwalimu! Mwanamke anavuka barabara, gari linamgonga, dereva anakimbia. Haya. Lakini dereva gani huyu? Mlevi. Anacheka. Eti anaongeza sauti ya redio! Huyu si mtu, ni zimwi la kuwatishia watoto walale."

"Mimi nimemchukia mpaka nikasikia raha," alisema mwenye duka, akipuliza chai yake. "Na wewe, kwani hadithi ni yako? Pilipili usiyoila yakuwashia nini?"

Mwalimu akacheka hadi miwani ikamshuka puani. Mshonaji hakucheka.

Masikio ya Pilipili yalikuwa yanawaka. Angeweza kunyamaza, akangoja kura. Mwalimu alipenda mashairi, na nafasi ingekuwa yake. Lakini kwake sentensi ya uongo ilikuwa kama kijiwe ndani ya kiatu. Hakuwahi kujua kutembea nacho.

"Halafu eti jua linawaka!" alifoka. "Mtu mwenye macho yake atamgonga vipi mwanamke katikati ya barabara nyeupe, mchana kweupe? Nani atakubali?"

"Basi rekebisha," alisema Mwalimu. "Kanuni unaijua. Ukibomoa, jenga. Ukisema ukuta umepinda, leta tofali. Kama ni matusi tu, hatuna haja ya kukutana hapa. Yamejaa stendi, tena ya bure."

"Tafadhali, kaka." Mshonaji alivunja sheria kwa mara ya kwanza, sauti yake kavu kama kitambaa kipya. "Nafasi ya kitabuni nakuachia, chukua. Mimi nilikuja kutafuta maoni tu. Huyo dereva nashindwa kumwona. Namwandika, nafuta, namwandika tena, na kila mara anacheka."

Kumwachia! Kama anayemrushia mbwa mfupa! Pilipili akasimama, kiti kikaanguka nyuma yake. Leo angemwonyesha kazi inavyofanywa.

"Hacheki! Andika! Ni alfajiri, kuna manyunyu, taa za barabarani zimekufa. Waipa ya kufuta kioo upande wake mbovu. Amemlalamikia bosi wake mpaka amechoka. Pombe haijui hata harufu. Anasikia kishindo, kama gunia limedondoka. Na anasimama. Umesikia? Anasimama! Anashuka, anapiga magoti kwenye maji, anaita, 'Mama! Mama!' Mama haitiki. Anabaki pale hadi magoti yanakufa ganzi. Huyo ndiye dereva, si huyo mchekaji wako!"

Kalamu ya mshonaji ilikimbia. Mwenye duka alikuwa ameshaweka kikombe chini. Pilipili aliusikia ule ukimya, akautambua: ukimya wa watu walioshikwa na neno. Sauti yake ikashuka yenyewe, kama kila anapoufikia ubeti wa mwisho.

"Kisha taa za gari jingine zinatokea kwa mbali, na woga unamshinda. Lakini ataondokaje hivihivi? Hapo kando yake pana mwavuli. Wa kijani, mpya, mpini bado una karatasi ya dukani. Anaukung'uta maji, anaufunga taratibu, kana kwamba kesho ataurudisha. Anaondoka nao." Akamnyooshea kidole. "Hapo, dada. Hapo ndipo msomaji wako atakapolia."

Mwalimu alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga. "Mwanangu," alisema, "hiyo sasa ndiyo hadithi."

Pilipili akaokota kiti chake, akaketi, kifua mbele.

Mshonaji aliandika neno la mwisho, akaweka kalamu chini. Hakuwa analia.

"Mwavuli huo nilimnunulia mama jioni ya kuamkia siku ile," alisema. "Nilimpa mlangoni, giza bado halijatoka, na waliomwokota hawakuuona." Akainua uso, akamtazama. "Uliuweka wapi, kaka?"