Jiwe la Mama Kileleni

Kila mwaka, siku ya kupanda mlima, waliofiwa hubeba jiwe la mlangoni kwa marehemu wakaliweke kileleni. Namsifu aliwatangulia wengi kufika, akakuta mawe yote ya miaka iliyopita yamepangwa kuwa ukuta unaonuka mikojo. Jiwe la mama yake, lenye alama ya buluu, lilikuwa chini kabisa, limelowa chepechepe.

"Mama yangu mmemgeuza choo?"

"Upepo mkali, dada yangu," mwenyekiti wa msafara alijibu, amechuchumaa nyuma ya ukuta. "Watu wazima tujisitiri wapi?"

Namsifu akatema mate, akapiga magoti, akalishika jiwe kwa mikono miwili na kulivuta. Ukuta ukaanza kutikisika. Chini kidogo, mji mzima ulikuwa unakuja ukiimba, nyuso zote zikitazama kileleni.